Kazi ya Kufundisha Kwenye Theluji: Msiuze Mtamba Kabla ya Kusoma Haya

Wapenzi wasomaji, juma hili nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Rongai. Kabla hamjaanza kubishana huko sebuleni, nisemeni mapema kwamba hii si Ongata Rongai ya Kajiado yenye matatu za muziki wa kupasua masikio. Wala si ile njia ya Rongai ambayo wapanda mlima huifuata wakikwea Kilimanjaro kutoka upande wa Loitokitok. Ni Rongai yetu ya Nakuru, ya mahindi na mkonge, ukishaiacha Menengai nyuma yako.

Mama huyu anasema binti yake alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Tangu aone picha ya askari wa mbuga wa Marekani, mwanamke mwenye kofia pana aliyesimama kwenye theluji ya kufika magotini huku amezungukwa na watoto wa shule, binti hana wimbo mwingine. Sasa amejitokeza bwana mmoja anayedai kwamba anaweza kumpatia kazi hiyo "ya msimu", mradi familia itoe ada mapema. Mzee wa boma ameanza kumtazama mtamba wao kwa jicho la kuuza. Mama anauliza mambo mawili. Je, hiyo ni kazi kweli au ni mchezo wa kupigia picha? Na je, wamuuze mtamba?

Swali la pili lina jibu fupi, kwa hivyo nitalitangulia: msimuuze. Sababu zake zimo katika jibu la swali la kwanza, ambalo ni refu kidogo. Vuteni viti.

ASKARI ASIYEBEBA BUNDUKI

Kazi hii ipo, na ni kazi kamili. Idara ya Mbuga za Taifa ya Marekani, iliyoundwa mwaka wa 1916, huajiri watumishi wa kudumu na wengine wa msimu. Miongoni mwao wamo askari ambao silaha yao ni mdomo. Wajibu wao ni kumsaidia mgeni aelewe anachokiona, ili asiondoke na picha tu bali aondoke na akili mpya.

Majira ya baridi yanapoingia, katika mbuga kama Mount Rainier, jimbo la Washington, na Crater Lake, jimbo la Oregon, askari hawa huwaongoza wageni kwa miguu juu ya theluji. Kila mtu hufungiwa viatu vipana kama nyungo ndogo, ambavyo hutandaza uzito wa mwili ili mguu usizame. Njiani askari husimama na kuonyesha nyayo za sungura na za mbweha. Huchimba shimo kwenye theluji na kuwaonyesha wageni matabaka yake, kila tabaka likiwa ni dhoruba moja iliyopita, mithili ya kurasa za kitabu. Kisha huwaambia kwamba wamesimama juu ya tangi la maji, kwa kuwa theluji hiyo ndiyo itakayoyeyuka na kuijaza mito wakati wa kiangazi.

Hapa kuna jambo la kuwashangaza watoto mezani. Katika mbuga ya Mount Rainier kuna mahali paitwapo Paradise, palipo mita zipatazo 1,650 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko mita zipatazo 1,850. Yaani Nakuru iko juu zaidi! Hata hivyo, ukijumlisha theluji yote inayoanguka Paradise kwa mwaka wa kawaida, utapata kama mita 16. Majira ya baridi ya 1971 hadi 1972 ilianguka zaidi ya mita 28. Nakuru hatujaona hata kiganja kimoja.

Kwa nini? Kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta, na jua hutupiga utosini mwaka mzima. Wao wako mbali kaskazini, na katika miezi ya Desemba na Januari jua huwapitia chini, kando, kwa muda mfupi. Sisi huku, anayetaka theluji sharti aifuate juu. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita na nusu. Ndiyo maana siku ya joto la nyuzi 24 hapo Rongai, kwenye ncha ya Lenana ya Mlima Kenya, iliyo zaidi ya mita 3,000 juu ya Rongai, huenda ikawa nyuzi nne tu mchana, na usiku maji yakaganda kwenye chupa.

MTAMBA ABAKI ZIZINI

Turudi kwa yule bwana wa ada. Kazi za mbuga za taifa huko Marekani ni kazi za serikali kuu, na kwa kawaida hupewa raia wa nchi hiyo pekee. Nafasi hutangazwa hadharani kwenye tovuti ya ajira ya serikali yao, na anayetuma maombi halipi hata senti moja. Mkataba wa msimu, kama jina lake, ni wa miezi michache, kwa kawaida usiozidi sita. Isitoshe, hata wenyewe hawana uhakika nazo. Mnamo Januari 2025 agizo la kusimamisha ajira liliwafanya watumishi wengi wa msimu kufutiwa barua zao za kazi kabla ya agizo hilo kulegezwa, na Februari mwaka huo huo watumishi wa kudumu wapatao 1,000 ambao walikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio waliachishwa kazi. Ikiwa mwenye nyumba analala njaa, mgeni ataandaliwa nini?

Basi, mama, mtu anayekuahidi kumwingiza binti yako katika kazi hiyo kwa ada anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na si kazi hii tu. Wakala yeyote anayepeleka watu kazini ng'ambo sharti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kabla ya kutoa shilingi, mwombe namba yake ya usajili na uithibitishe kwa mamlaka yenyewe. Akikuharakisha, akikataa kukupa stakabadhi, au akitaka pesa zipite kwenye simu ya mtu binafsi, mwonyeshe lango la boma kwa adabu.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Kumkataza mtoto kuuziwa uongo si sawa na kumkataza ndoto. Binti huyu anataka kusimama kwenye theluji akiwafundisha watu. Je, ni lazima avuke bahari?

THELUJI YA KWETU

Wahenga wetu wa Pwani waliijua theluji kwa jina kabla ya kuiona. Neno "theluji" lilitujia kutoka Kiarabu. Neno "barafu" nalo lilitoka Uajemi na Bara Hindi, na huko kwao maana yake hasa ni theluji. Tuliazima maneno mawili kwa kitu kimoja, na kumbe mali yenyewe ilikuwa juu ya milima yetu wenyewe.

Mnamo Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Mwaka uliofuata, Desemba 1849, mwenzake Ludwig Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Walipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, baadhi ya wataalamu wa London waliwacheka, wakidai kwamba haiwezekani. Wakamba, Wakikuyu, Wameru na Wachagga hawakuhitaji ruhusa ya London. Walikuwa wakiutazama weupe huo kila asubuhi wakichunga mifugo. Tazama basi umuhimu wa mwelezaji: jambo laweza kuwa kweli kabisa na bado likakataliwa na watu wenye elimu, kwa kuwa hawajalipata kwa njia ya kuwaridhisha.

Leo Mlima Kenya ni mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1949, na umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1997. Vilele vyake vya miamba, Batian wa mita 5,199 na Nelion wa mita 5,188, huachiwa wenye kamba na ujuzi. Lakini Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu na yeyote mwenye afya, nidhamu na mwelekezi mzuri. Hapo ndipo Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya tulipojinyakulia uhuru Desemba 1963. Huko, mwezi wowote wa mwaka, mgeni aweza kukuta theluji.

Wanaomfundisha mgeni huyo ni akina nani? Wapo askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, ambao ni waajiriwa wa kudumu. Lakini mwalimu anayekaa na mgeni kutoka langoni hadi kileleni ni mwelekezi, na huyo ni mtu wa msimu kabisa. Kazi hushamiri Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, na tena karibu na Krismasi. Mvua za masika zinapoanza, mlima hunyamaza na mfuko nao hunyamaza.

MASOMO YASIYOANDIKWA UBAONI

Hebu tuone anachofundisha. Wasomaji wanafunzi, shikeni kalamu, maana siku moja shule yenu itapanga safari.

Somo la kwanza ni hewa. Kileleni Lenana, nguvu ya hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Mombasa. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea. Kanuni inayopendekezwa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Sasa tazama njia ya Naro Moru, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ni fupi. Kituo cha Met kiko mita 3,050, na kituo kinachofuata, Mackinder, kiko mita 4,200. Ni kuruka zaidi ya mita 1,000 kwa siku moja! Si ajabu wengi huamka wakishika vichwa. Mwelekezi mwema huwashauri wageni walale usiku wa pili palepale Met, ingawa wao wanaona anawapotezea siku na pesa.

Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi ni onyo: usipande zaidi. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoshikana, kukosa pumzi hata akiwa amekaa, au kukohoa mapovu, hapo hakuna mjadala. Ashushwe mara moja, hata kama ni saa nane za usiku. Dawa ya mlima ni kushuka. Hata madaktari wakimpa vidonge, kuteremka ndiko kutakakomwokoa.

Somo la pili ni nguo. Vijana hupenda kupanda na suruali za jinzi. Jinzi ni pamba, na pamba ikilowa hushika maji na kuunyonya mwili joto. Sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu. Wala si lazima mtu awe tajiri. Pita sokoni Nakuru kwenye mitumba, utapata sweta za sufu na makoti ya kuzuia mvua kwa bei ya mtu wa kawaida. Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, upunguze ukitoka jasho na uongeze ukisimama. Soksi kavu za kulalia zisiguswe mpaka usiku.

Somo la tatu huwashangaza wengi, nalo ni jua. Mtu huwaza theluji akawaza baridi tu. Kumbe theluji mpya yaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya ile miale mikali ya jua isiyoonekana, hivyo macho hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Anayetembea bila miwani ya giza huenda jioni macho yakawasha kama yametiwa mchanga, na asione kwa siku nzima au zaidi. Ngozi nyeusi nayo huungua, msidanganywe.

Somo la nne ni saa. Watu huamshwa usiku wa manane ili wafike Lenana alfajiri. Wengi hudhani ni kwa ajili ya kuona jua likichomoza. Naam, hilo nalo lipo, lakini zaidi ni kwamba mawingu hupenda kuufunika mlima adhuhuri. Alfajiri nayo theluji huwa imeganda na kuteleza, kwa hivyo hatua huwekwa moja baada ya nyingine, kisigino kikikanyaga kwa nguvu wakati wa kushuka. Jua likiipiga hulainika, mguu ukazama na kiatu kikajaa maji.

Somo la tano ni takataka. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za Kenya. Chupa ya maji ya dukani hairuhusiwi. Huko juu baridi hufanya uchafu uoze polepole mno, kwa hivyo ganda la ndizi unalolitupa leo litawasalimu wageni wengi watakaokufuata.

NENO GUMU KULIKO YOTE

Hayo yote yaweza kukaririwa na mtoto mwerevu. Mtihani wenyewe uko mahali pengine. Ni pale mgeni aliyelipa pesa nyingi, aliyetoka mbali, aliyewaahidi jamaa zake picha ya kileleni, amebakisha saa moja tu, na wewe mwelekezi unamwona midomo imebadilika rangi na miguu inapishana. Hapo unatakiwa useme, "Tunarudi."

Fikiri vizuri. Bakshishi yako iko mikononi mwake. Jina lako litasemwa vizuri au vibaya kulingana na siku hii. Nyumbani kuna karo. Na yeye anasema, "Mimi niko sawa, twende tu." Mwalimu wa darasani akikosea, mwanafunzi hurudia mtihani. Huku juu hakuna kurudia.

Mnamo Septemba 1970 daktari kijana kutoka Austria alivunjika mguu karibu kabisa na kilele cha Batian. Ilichukua zaidi ya juma moja kumteremsha, na waokoaji walisafiri kwa ndege kutoka Austria kuja kusaidia. Yeye alipona, lakini rubani wa helikopta iliyokuja kutoa msaada alianguka nayo akafa. Ajali ya mtu mmoja mlimani huita roho za watu wengine.

Ndiyo maana mwelekezi mwenye hekima huanza kulisema neno hilo langoni, siku ya kwanza, wakati kila mtu anacheka na ana nguvu. "Mimi nikisema turudi, tutarudi, na hatutabishana huko juu." Mkataba wa maneno uliofanywa kwenye jua hushika kwenye baridi. Nawaambia wazazi: kijana anayeweza kulisema neno hilo kwa upole na kusikilizwa, huyo ana kipaji cha kweli. Atafaa mlimani, hospitalini, shuleni na popote pengine.

MWALIMU AMBAYE UBAO WAKE UNAFUTIKA

Kuna somo jingine, nalo ni la huzuni. Mwishoni mwa karne ya 19 Mlima Kenya ulikuwa na mabamba 18 ya barafu ya kudumu. Mengi yametoweka, na yaliyosalia ni vipande. Lile kubwa, liitwalo Lewis, lilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kilimanjaro nako, kati ya 1912 na 2007, asilimia zipatazo 85 za eneo la barafu zilitoweka. UNESCO ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba barafu ya milima hii ya Afrika huenda ikawa imekwisha kufikia mwaka wa 2050. Binti wa Rongai atakuwa bado hajastaafu.

Hapa mwelezaji makini hutenganisha yale maneno yetu mawili. Theluji ni ile inayoanguka leo na kuyeyuka kesho au juma lijalo. Hiyo itaendelea kuanguka mara kwa mara. Barafu ya kudumu ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa kama jiwe. Hiyo ndiyo inayokufa. Sababu yake ni kwamba dunia inapata joto, na pia hewa ya huku kwetu ilikauka tangu mwisho wa karne ya 19, mawingu yakapungua, theluji mpya ikawa haba na jua likapata nafasi ya kuila barafu bila kizuizi.

Mgeni atauliza, "Basi mito yenu itakauka?" Mwelezaji mvivu atajibu "Ndiyo" ili mgeni ahuzunike na atoe bakshishi. Mwelezaji mkweli atamwambia kwamba barafu iliyobaki ni ndogo mno, na kwamba mito ya mlima hulishwa zaidi na mvua na ule msitu unaouzunguka, ambao hunyonya maji kama sifongo na kuyatoa polepole. Barafu ikiisha tutakuwa tumepoteza kitu kitukufu. Msitu ukiisha tutakuwa tumepoteza chai ya asubuhi.

Hapo somo linageuka linatutazama sisi wa Nakuru. Maji yetu hayatoki kwenye theluji. Mto Molo unaopita sehemu za Rongai ukielekea Ziwa Baringo, na Mto Njoro unaomwaga maji Ziwa Nakuru, yote hutoka msitu wa Mau. Mau ndio Mlima Kenya wetu, ila hauna kofia nyeupe ya kuwavutia wapiga picha.

MFUKO WA MTU WA MSIMU

Mzazi ataniuliza, "Haya yote ni mazuri, lakini yatalipa karo?" Swali la haki. Nitajibu bila kupaka asali.

Kazi ya msimu hulisha nyumba iwapo nyumba imejipanga kwa msimu. Anayepata pesa Agosti akazila zote Agosti, Novemba atakopa unga. Wale wanaodumu katika kazi hii huwa na mguu wa pili: shamba la viazi, ng'ombe wa maziwa, duka, au ufundi. Hulipa mchango wa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, wakati pesa zipo, kwa kuwa goti la mpanda mlima haliulizi kama ni msimu. Na mtamba yule, mama, ndiye mguu wa pili wa binti yako. Akizaa, maziwa yake yataivusha familia miezi ya mvua. Mnataka kumkata mguu huo kabla safari haijaanza?

Kuhusu masomo, bahati nzuri wakazi wa Nakuru wamezungukwa nayo. Naivasha kuna Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori. Njoro, kilomita chache kutoka Rongai, kuna Chuo Kikuu cha Egerton, kinachofundisha masuala ya maliasili. Anayetaka kuwa askari wa KWS hungoja tangazo rasmi, na akichaguliwa hupelekwa Manyani kufunzwa. Tangazo hilo pia haliuzwi na mtu. Anayetaka kuwa mwelekezi na aanze na cheti cha huduma ya kwanza, kisha lugha. Kiswahili sanifu na Kiingereza safi ni mtaji, na Kijerumani au Kifaransa ni riba.

Wala kijana asivunjike moyo eti hakuzaliwa kwenye baridi. Philip Boit wa huku kwetu Bonde la Ufa alikuwa mtu mzima alipoiona theluji kwa mara ya kwanza, huko Finland mwaka wa 1996. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japani, akiiwakilisha Kenya katika mbio za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwishoni amkumbatie. Theluji hufunzwa, haizaliwi nayo.

ANZENI HAPO HAPO RONGAI

Namalizia kwa zoezi, na hili ni la nyumba nzima. Mnamo Septemba 2008 wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, waliamka wakakuta mlima wao umefunikwa weupe. Watu walitoka mbio, watoto wakaubeba mikononi, na wengi wakasema theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana.

Tofauti ni ipi? Theluji huanza kama mvuke unaoganda polepole angani ukawa vipande laini vyenye pembe sita. Mvua ya mawe ni tone la maji lililorushwa juu na upepo wa dhoruba, likaganda, likashuka, likarushwa tena, likiongeza ganda kila mara hadi likawa zito likaanguka. Siku mvua ya mawe itakapoyapiga mahindi yenu, kabla ya kulaani, okoteni jiwe moja kubwa mlikate katikati upesi kwa kisu. Mara nyingi mtaona mizunguko ndani yake kama ya kitunguu, na kila mzunguko ni ganda jingine lililoongezeka huko angani.

Kisha mwachie binti huyu amweleze babu yake jambo hilo kwa lugha ya nyumbani, bila neno moja la Kiingereza. Juma linalofuata awaongoze watoto wa jirani hadi ukingo wa Menengai, awaeleze shimo lile lilitokea vipi. Ajiunge na chama cha Wildlife Clubs of Kenya, ambacho kilianzishwa mwaka wa 1968 na wanafunzi kama yeye. Awapeleke watoto Ziwa Nakuru, awaonyeshe jinsi maji yalivyopanda tangu karibu mwaka wa 2010 yakalimeza lango kuu la zamani, na awaache waulize maswali mpaka wachoke. Wakimsikiliza hadi mwisho bila kupiga miayo, mama, jibu la swali lako la kwanza mtakuwa mmelipata bila kulipa ada.

Mlima utangoja. Barafu ndiyo isiyongoja, kwa hivyo asichelewe sana.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa.